Tumelipoteza neno 'shoga', tusipoteze na busara

Nilipokuwa mtoto hapa Tudor katika miaka ya 1990, mlango wetu ulibishwa karibu kila jioni baada ya magharibi na sauti ile ile: "Hodi, shoga yangu!" Mama alijibu kutoka jikoni, "Karibu shoga, pita ndani." Aliyekuja alikuwa rafiki yake wa tangu utotoni, ambaye kwao hakukuwa na televisheni. Walikaa mkekani, kanga mabegani, wakatazama Vitimbi na Tausi, wakacheka, wakalaumu, wakabashiri nani ataachwa na nani ataolewa. Hapana aliyeliona neno hilo kuwa na doa. Lilikuwa neno la mapenzi na heshima baina ya wanawake wawili waliokula chumvi nyingi pamoja.

Hivi karibuni binti yangu, aliye katika shule ya sekondari, alinikanya. Tulikuwa ndani ya matatu, nami nilikuwa nikizungumza kwa simu na mwanamke tuliyesoma naye. Nikamwita shoga yangu kama nilivyozoea. Vijana waliokaa kiti cha nyuma wakaangua kicheko. Tuliposhuka, binti yangu akaniambia kwa upole, "Mama, usiliseme neno hilo mbele za watu." Nikanyamaza. Nimesomea isimu hadi shahada ya uzamifu, na nimefundisha somo la mabadiliko ya maana kwa miaka mingi, lakini siku hiyo nilihisi kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta kufuli jipya mlangoni pake.

Nakileta kisa hiki kwa sababu kwa muda sasa kumekuwa na mjadala mkali, majumbani, barazani na madarasani, juu ya michezo ya televisheni na filamu zinazoonyesha mapenzi ya watu wa jinsia moja. Wapo wanaosema ifungiwe yote. Wapo wanaosema kila mtu aachiwe atazame atakacho. Mimi si mufti wala si askofu, na dini zetu hapa pwani zina kauli zake ambazo makala haya hayakuja kuzibishania. Nataka kuuliza swali la mwalimu wa lugha: tunapojadili michezo hii, tunajua tunalolisema?

Juzi nilikuwa nyumbani kwa jirani. Tamthilia ya kigeni ilikuwa ikionyeshwa, na ghafla vijana wawili wa kiume wakashikana mikono kwa namna ambayo haikuacha shaka. Chumba kikalipuka. Baba mwenye nyumba akakitafuta kidude cha kubadilishia stesheni, asikione. Mwanawe wa chuo kikuu akasema huo ni uhai wa watu, waachwe. Shangazi akasema hizo ni njama za wazungu kutuharibia watoto. Bibi mzee, ambaye hakuwa amesema kitu tangu tuingie, akauliza: "Sasa hapo, nani anayeoa na nani anayeolewa?"

Watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa katika kelele zote zile lilikuwa swali la pekee lililotoka ndani ya lugha yetu wenyewe. Kiswahili humpa mwanamume kitenzi cha kutenda, akaoa, na mwanamke kitenzi cha kutendwa, akaolewa. Bibi alikuwa akijaribu kuwapa wahusika wale mahali katika sarufi aliyozaliwa nayo, na sarufi ikamkatalia. Lakini lugha hii hii ina upande wa pili. Kiswahili hakina kiwakilishi cha kike wala cha kiume. Tukisema "anampenda", msikilizaji hawezi kujua ni nani wa jinsia gani anayempenda nani. Mpenzi, muhibu, mahabubu, haya yote ni maneno yasiyotaja jinsia, na washairi wetu na waimbaji wa taarabu wameyatumia kwa karne na karne bila mtu kudai maelezo zaidi. Lugha yetu imejua kubana mahali na kuachia mahali. Sisi watazamaji ndio tuliosahau ustadi huo.

Tuyatazame kwanza yaliyotukia, maana mjadala usio na tarehe hugeuka porojo. Mwaka 2014 Bodi ya Kuainisha Filamu ya Kenya ilikataza kuonyeshwa kwa Stories of Our Lives, filamu ya visa vifupi iliyoongozwa na Jim Chuchu. Juni 2017 bodi hiyo hiyo ilitaka vibonzo sita vya watoto viondolewe katika televisheni za kulipia, miongoni mwavyo The Loud House na Steven Universe, kwa hoja kwamba vilibeba ujumbe wa mapenzi ya jinsia moja. Aprili 2018 ikaifungia Rafiki, filamu ya Wanuri Kahiu, wiki chache tu kabla haijaonyeshwa katika tamasha la Cannes, ikiwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa huko. Septemba 2021 ikaja zamu ya I Am Samuel, filamu ya Peter Murimi inayosimulia maisha halisi ya kijana mmoja na wazazi wake.

Kisa cha Rafiki kinastahili kuangaliwa kwa makini. Filamu hiyo imetokana na hadithi fupi ya mwandishi wa Uganda, Monica Arac de Nyeko, iitwayo Jambula Tree, iliyoshinda Tuzo ya Caine mwaka 2007. Inahusu wasichana wawili wa mtaa mmoja wa Nairobi, Kena na Ziki, ambao baba zao ni wapinzani katika uchaguzi. Wanapendana, mtaa unajua, wanapigwa. Bodi ilisema filamu ilikuwa na nia ya kukuza usagaji. Mwongozaji alieleza kuwa alitakiwa abadilishe mwisho, kwa sababu mwisho wake ulikuwa na matumaini na haukuonyesha majuto. Alikataa. Septemba 2018 Jaji Wilfrida Okwany wa Mahakama Kuu aliruhusu filamu ionyeshwe kwa watu wazima kwa siku 7, akasema hakushawishika kuwa Kenya ni jamii dhaifu kiasi kwamba misingi yake ya maadili itatikisika kwa kutazama filamu ya namna hiyo. Sinema zilijaa. Siku 7 zilipokwisha, marufuku ikarudi, na mwaka 2020 Mahakama Kuu ikaamua kuwa bodi haikuwa imevunja katiba.

Msomaji, hebu tafakari juu ya jambo hilo moja: ugomvi ulikuwa juu ya mwisho. Wasichana wale wangejuta, au wangeangamia, pengine filamu ingepita. Hii si hoja ya sheria, ni hoja ya fasihi. Na kwa kuwa ni hoja ya fasihi, sisi walimu tuna haki ya kuijibu.

Kwa miaka kadhaa wanafunzi wa Kenya walitahiniwa katika riwaya ya Utengano ya Said Ahmed Mohamed. Walimu wenzangu mnamkumbuka Maimuna, binti aliyefungiwa ndani na babake Maksuudi, akatoroka, akaangukia katika ulevi na ukahaba. Tulimsoma Maimuna darasani, wavulana kwa wasichana, tukamchambua, tukamwonea huruma, tukamlaani babake. Sikumbuki mwalimu hata mmoja aliyesema kuwa Said Ahmed Mohamed alikuwa akikuza ukahaba. Tulijua kutofautisha anachokionyesha mwandishi na anachokihubiri. Tuliwafundisha vijana tofauti hiyo, na tukawakata maalama wasipoijua.

Labda mtu atasema: Maimuna aliteseka, ndiyo maana tulimruhusu. Basi na tumtazame Rosa. Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi alichapisha Rosa Mistika, riwaya ya msichana aliyelelewa kwa ukali wa baba, akafika chuoni akapotelea katika mapenzi ya wanaume. Rosa hakupata raha. Alijiua. Adhabu gani tena ingetakiwa? Hata hivyo kitabu kilipigwa marufuku katika shule za Tanzania. Baada ya miaka kikaruhusiwa, kikasomwa na kutahiniwa, na Tanzania haikuporomoka. Hapa pana funzo la wazi. Rosa alikufa na bado kitabu kikafungiwa. Kena na Ziki waliishi na filamu ikafungiwa kwa kuwa waliishi. Tatizo basi halikuwa mwisho. Lilikuwa ni kwamba jambo limetajwa.

Na je, limetajwa kwa mara ya kwanza? La hasha! Tangu tulipoanza kutazama vichekesho vya televisheni, tumemwona mwanamume mwenye sauti nyororo, aliyejifunga kanga kiunoni, akitembea kwa madaha huku watazamaji wakishika mbavu. Mhusika huyo ameonyeshwa mchana kweupe, saa ambazo watoto wako macho, na hapana bodi iliyoandika barua. Alipokuwa wa kuchekwa, alikubalika. Alipopewa jina, wazazi, machozi na sababu, ndipo tukakumbuka maadili. Mtu mwadilifu na asemi kwamba yote mawili hayafai, nitamwelewa. Lakini anayecheka la kwanza na kulilaani la pili hana budi kujiuliza ni nini hasa kinachomkera: ni kitendo, au ni kule kuombwa amwone mtendaji kuwa ni mtu?

Hoja ya pili tunayoisikia sana ni ile ya shangazi: si utamaduni wetu, yameletwa na televisheni ya wazungu. Hapa mwanaisimu hawezi kukaa kimya, maana ushahidi uko ndani ya kamusi. Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962. Maneno hanithi, msenge, basha na msagaji yalikuwa yakisemwa katika mitaa ya pwani kabla ya hapo. Msagaji limetokana na kitenzi chetu cha Kibantu, kusaga. Hanithi tumelipokea kutoka Kiarabu, tukalitumia zaidi kwa mwanamume asiye na nguvu za kiume. Na shoga, neno la mama yangu, limebeba maana mbili kwa muda mrefu: rafiki wa kike wa mwanamke, na katika baadhi ya miji mwanamume wa tabia za kike. Wakusanyaji wa msamiati wa karne ya 19, kama Edward Steere, walilijua. Mwaka 1987 mwanaanthropolojia Gill Shepherd alichapisha utafiti wake juu ya mji huu wetu wa Mombasa na mahusiano ya namna hii, na mwaka 1998 Deborah Amory akaandika juu ya mashoga na mabasha wa pwani. Wasomi wamebishana juu ya tafsiri zao, na inafaa wabishane. Lakini lugha haitungi maneno kwa ajili ya jambo ambalo hapana aliyewahi kuliona.

Nisieleweke vibaya. Kuwapo kwa neno si ithibati kwamba jamii iliridhia. Tuna neno mwizi, wala hatukuridhia wizi. Ninachosema ni kidogo zaidi, na kwa hiyo ni kigumu zaidi kukikana: wazee wetu walilijua jambo hili, walikuwa na msimamo wao, na walikuwa na namna ya kuishi nalo bila kuchoma nyumba ya mtu. Namna hiyo tuliiita sitara. Mtu hakupelelezwa chumbani mwake. Aliyejua alinyamaza. Aliyekosea alionywa faraghani. Sitara haikuwa idhini, lakini haikuwa pia rungu.

Wapo watakaoniambia kuwa hilo hasa ndilo kosa la televisheni: limeondoa pazia. Wazee walisitiri, michezo hii inaanika. Naikubali nguvu ya hoja hiyo, na sidhani kama ina jibu jepesi. Mtu aliyelelewa katika adabu ya kusitiri ana haki ya kuona haya anapoonyeshwa sebuleni, mbele ya mkwewe na wajukuu wake, jambo ambalo yeye asingelitaja hata kwa mafumbo. Haya hiyo si ujinga wala si chuki. Hata mapenzi ya mume na mke, yakionyeshwa kwa kupitiliza, humfanya babangu ainuke aende kunywa maji.

Kwa hiyo nasema wazi kwamba wazazi wana dai la haki. Mtoto wa miaka 8 si mtazamaji wa kila kitu. Kanuni za utangazaji za Kenya huitaka stesheni isirushe mambo ya watu wazima kati ya saa 11 alfajiri na saa 4 usiku, na hilo ni jema. Bodi inayopanga filamu kwa rika inafanya kazi ya maana, na ningependa ifanye kazi hiyo kwa ukali zaidi kuliko ilivyo, hasa juu ya umwagaji damu ambao watoto wetu huunywa kama uji. Lakini tulitazame jina lake lenyewe. Kuainisha ni kupanga vitu kwa aina zake: hiki cha wote, hiki cha waliotimiza miaka 16, hiki cha watu wazima. Kufungia ni kitenzi kingine kabisa. Anayeainisha anamheshimu mzazi na mtazamaji, anawapa habari ili wachague. Anayefungia amechagua kwa niaba yao.

Kuna na hoja ya sheria. Ni kweli kwamba Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 162, inaweka kifungo cha hadi miaka 14 kwa tendo liitwalo kinyume cha maumbile, na Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kukiondoa kifungu hicho. Ni kweli vilevile kwamba Februari 2023 Mahakama ya Juu, kwa majaji watatu dhidi ya wawili, iliamua kuwa haikuwa halali kukataa kusajili chama cha kutetea haki za watu hao. Wanasheria wataendelea kuvutana. Lakini hata tukishika upande ulio mkali kabisa, sheria imekataza tendo, haikukataza hadithi. Sheria hiyo hiyo imekataza uuaji, wizi na rushwa, na pasipo mambo hayo matatu sijui stesheni zetu zingeonyesha nini baada ya taarifa ya habari.

Pengine msomaji atauliza kwa nini nijisumbue kwa filamu na tamthilia, ilhali nchi ina matatizo makubwa zaidi. Nitamjibu kwa mambo mawili. La kwanza limetokea karibu nasi, ng'ambo tu ya daraja la Nyali. Februari 2010 uvumi ulienea Mtwapa kwamba wanaume wawili wataoana. Ulisemwa msikitini, ukasemwa kanisani, ukasemwa redioni. Umati ukajaa barabarani, ukavamia kituo cha afya cha KEMRI kilichokuwa kikitoa huduma za ukimwi, watu wakapigwa, na polisi wakawachukua waliokuwa wakitafutwa na umati. Arusi yenyewe haikuonekana. Neno moja, waoana, lilitosha. Huko hakukuwa na filamu wala tamthilia ya kulaumiwa. Kulikuwa na maneno yasiyopimwa tu, na watu waliokuwa tayari kuyaamini.

La pili limetokea darasani mwangu. Niliwapa wanafunzi wangu mada ya mjadala: je, televisheni ionyeshe mapenzi ya jinsia moja? Nilitaka wajizoeze kujenga hoja kwa Kiswahili sanifu. Nikakiri leo kwamba niliisimamia vibaya. Upande wa kupinga ulianza kwa hoja, ukaishia kwa matusi. Upande wa kuunga mkono ulianza kwa hoja, ukaishia kwa kuwaita wenzao washamba. Maneno ambayo kwa kawaida tungeyatafutia tafsida yalirushwa kama mawe, nami nikacheka na darasa mara moja au mbili, kwa kuwa mengine yalikuwa na vina. Saa ilipokwisha, mwanafunzi mmoja alibaki nyuma akikusanya vitabu vyake polepole. Akaniuliza, "Mwalimu, mjadala huu utaendelea wiki ijayo?" Nikamwambia huenda ukaendelea. Akasema, "Basi naomba ruhusa nisije."

Hakueleza sababu, nami sikumwuliza. Pengine alikuwa na ndugu. Pengine alikuwa na rafiki. Pengine alikuwa mtu mwenye haya tu, asiyependa matusi. Haikunihusu, na hiyo ndiyo sitara niliyolelewa nayo. Lakini nilijua kwamba katika chumba changu, chini ya uangalizi wangu, mtoto wa watu aliketi kwa saa nzima akisikia jambo ambalo lilimfanya asitake kurudi. Wiki iliyofuata nilibadilisha mada. Yeye akarudi. Nimekuwa nikijiuliza tangu siku hiyo kama nilifanya vema au nilikimbia.

Leo nadhani nilikimbia. Mjadala haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika namna tulivyouendesha. Iwapo mwalimu hawezi kuwaonyesha vijana jinsi ya kuzungumza juu ya jambo zito bila kumvunja mtu, nani atawaonyesha? Wataiga wanayoyasikia kwenye matatu na kwenye simu zao. Kwa hiyo nawaomba walimu wenzangu mambo matatu.

Kwanza, tusikubali mwanafunzi ahukumu mchezo ambao hakuutazama, au kitabu ambacho hakukisoma. Wengi wa walioilaani Rafiki hawakuiona, na wengi wa walioisifu hawakuiona pia. Kama mchezo hauwezi kutazamwa darasani, kwa rika au kwa sheria, basi tuzungumze juu ya mjadala wenyewe, kwa kauli na hukumu zilizochapishwa, wala tusijifanye mahakimu wa tusilolijua.

Pili, tuwadai wanafunzi watenganishe maswali matatu ambayo kila siku huchanganywa kama pilau: je, jambo hili ni halali katika imani yangu? Je, linaruhusiwa na sheria ya nchi? Je, msanii anaweza kulisimulia? Mtu anaweza kusema hapana kwa la kwanza, hapana kwa la pili, na ndiyo kwa la tatu, bila kujipinga hata kidogo. Mtu mwingine anaweza kujibu vingine. Lakini anayelijibu swali moja akadhani amejibu yote matatu hajajifunza kufikiri.

Tatu, tuchague maneno. Yapo maneno yanayotaja na yapo maneno yanayopiga. "Watu wanaopenda wa jinsia yao" ni refu na linachosha ulimi, lakini linataja. Yale mafupi mnayoyajua yamekwisha kutoa hukumu kabla hoja haijaanza. Mwanafunzi ana ruhusa ya kupinga kwa nguvu zake zote, ila na apinge kwa sentensi, asipinge kwa tusi. Tusi halina kiima wala kiarifu.

Nanyi wanafunzi, msidhani kwamba mzee anayekitafuta kidude cha televisheni kwa hofu ni adui wa maendeleo. Anatetea kitu alicholelewa nacho, na mara nyingi hakupewa maneno ya kukieleza. Msikilizeni, muulizeni, kisha mpingeni kwa adabu kama mna la kupinga. Vilevile msidhani kwamba kila anayeomba mchezo utazamwe anataka kuwageuza. Mtu hageuzwi kwa kutazama, kama ambavyo sisi tuliomsoma Maimuna hatukugeuka makahaba.

Rafiki wa mama yangu bado yu hai. Ni mjane, macho yamepungua nguvu, na sasa yeye ndiye mwenye televisheni kubwa. Ijumaa iliyopita nilikwenda kumjulia hali nikiwa na binti yangu. Nilibisha hodi, na yeye, akidhani ni mama aliyekuja, akaitikia kutoka ndani kwa sauti iliyosikika hadi barabarani, "Karibu, shoga yangu!" Vijana wawili waliokuwa wamekaa kwenye ngazi ya nyumba ya pili wakatazamana. Nikamwangalia binti yangu. Alisitasita kidogo, kisha akavua viatu, akaingia, akambusu mkono bibi yule, akamwambia, "Shikamoo bibi. Shoga yako hakuja leo, ametutuma sisi."